Kununua, Kuuza na Kupiga Besi ya Mtumba Ukiwa Mafia

Vijana wa Kilindoni na Utende wakiniuliza wanunue gitaa gani la besi, huwajibu kwamba wanunue lile ambalo siku likiharibika litatengenezeka hapahapa kisiwani. Jina lililoandikwa kichwani, rangi, na msanii aliyeonekana nalo kwenye video, hayo yatazamwe mwishoni. Nyuzi za besi tunaagiza Dar es Salaam. Kazi za matengenezo zinafanywa na fundi redio, seremala na fundi pikipiki, na hao watatu, ukijua umpelekee nani kitu gani, wanatosha kabisa kuiweka besi ya kawaida katika hali nzuri kwa miaka mingi. Lakini ukinunua besi ya kisasa yenye saketi tata ndani, siku saketi ikiliwa na chumvi utabaki na kipande cha mbao chenye nyuzi.

Kwa hiyo tafuta besi ya nyuzi nne, isiyotumia betri, ambayo shingo yake imefungwa kwenye bodi kwa skrubu. Muundo huo uliingia sokoni mwaka 1951, pale Leo Fender wa California alipotoa besi aliyoiita Precision, na tangu hapo kampuni nyingi zimeufuata: Squier, Yamaha, Ibanez, Cort na nyingine zisizo na majina. Umri huo ni faida kwetu. Swichi, soketi ya waya, vidude vya volyumu na nyuzi zake ni vya kawaida, na ndani kuna nyaya chache mno kiasi kwamba fundi redio yeyote akifungua kifuniko anaelewa mara moja. Besi za betri, zile zenye kijumba cha betri ya volti 9 mgongoni, zina sauti ya kuvutia dukani. Ila betri hiyo huendelea kuliwa muda wote waya ukiwa umechomekwa, hata kama hupigi, na ikisahaulika ndani inavuja na kula vyuma vinavyoizunguka. Besi za nyuzi tano nazo zisubiri. Uzi mnene wa besi ya kawaida, ukiachwa wazi, unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Uzi wa tano unashuka hadi 31. Spika nyingi tunazokodi kwenye harusi haziwezi kuitoa sauti hiyo, zinakoroma tu, na wewe umelipia uzi ambao hakuna atakayeusikia.

Ukishaletewa besi mkononi, usianze kuipiga. Anza na shingo, maana hapo ndipo pesa yako ilipo. Weka mwisho wa bodi karibu na jicho, funga jicho la pili, tazama shingo kwa urefu wake wote mpaka kichwani. Mafundi majahazi wa Jibondo huutazama ubao hivyohivyo kabla ya kuupigilia. Tazama upande wa uzi mnene, kisha upande wa uzi mwembamba. Kama pande zote mbili zimepinda kwa kiasi kilekile, huo ni upindo, na unarekebishika. Kama upande mmoja unapanda na mwingine unashuka, shingo imesokotwa. Mrudishie mwenyewe, mshukuru, ondoka. Shingo iliyosokotwa hainyooki kwa alenki wala kwa kuwekewa mawe juu yake, hata muuzaji akikuapia.

Upindo una sababu. Nyuzi nne za besi zikikazwa zinaivuta shingo kwa nguvu inayokaribia kilo 70, mchana na usiku. Ndani ya shingo kuna chuma chembamba kilichowekwa makusudi ili kishindane na mvuto huo, na kinakazwa au kulegezwa kwa alenki, ama kwenye kichwa ama pale shingo inapoingia kwenye bodi. Upime upindo hivi: bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo) kwa mkono wa kushoto, bonyeza uzi huohuo kwenye freti ya mwisho kwa mkono wa kulia, kisha mwenzako atazame katikati, kwenye freti ya saba au ya nane. Panatakiwa pawe na uwazi wa kupitisha kadi moja tu ya mwaliko wa harusi, bila kuilazimisha. Zikipita kadi tatu, shingo imevutwa mno. Kama uzi umegusa freti zote, imekazwa kupita kiasi au imepinda kinyume.

Sasa mwombe muuzaji aizungushe alenki mbele yako. Aanze kwa kulegeza, robo mzunguko tu, halafu arudishe. Ikigeuka kwa ulaini, chuma ni kizima. Ikigoma, au tundu lake limelika mpaka limekuwa duara, basi mtu amekwishatumia nguvu pale ndani kabla yako, na hilo ni tatizo ambalo hata Dar es Salaam litakugharimu. Mwenye besi anayekataa isiguswe kabisa huwa ana sababu. Ukishainunua, kanuni ni hiyohiyo: robo mzunguko, kisha iache mpaka kesho ndipo upime tena. Mbao hazikimbii.

Halafu tazama chumvi imeingia wapi. Hewa ya Mafia inaanza na vyuma vidogo. Kwenye daraja, pale nyuzi zinapofungwa chini, kila uzi umekalia kipande chake kidogo chenye skrubu mbili nyembamba za kupandisha na kushusha, na skrubu moja ndefu ya kusogeza mbele na nyuma. Zijaribu zote, moja baada ya moja, kwa alenki na bisibisi uliyokuja nayo mwenyewe. Skrubu zilizoshikana kwa kutu zina maana kwamba hutaweza kurekebisha urefu wa nyuzi wala usahihi wa sauti. Usahihi huo unaupima kwa kugusa uzi kidogo tu juu ya freti ya 12 ili utoe ile sauti nyembamba ya filimbi, kisha unaubonyeza uzi palepale na kuupiga. Sauti mbili hizo zinatakiwa zilingane. Ile ya kubonyeza ikiwa juu, kipande cha daraja kirudishwe nyuma, uzi uwe mrefu zaidi. Sasa kama skrubu ndefu haigeuki, utakirudishaje?

Freti zikiwa na ukijani usishtuke. Zimetengenezwa kwa mchanganyiko wenye shaba nyingi, na ukijani huo unafutika kwa kitambaa. Cha kuogopa ni mashimo pale nyuzi zinapolalia, hasa freti tatu za mwanzo. Pitisha ukucha: ukinasa, uzi utakuwa unakwaruza kila ukipiga noti hiyo. Tazama pia skrubu nne za mgongoni zinazoshika shingo. Zikiwa nyekundu kwa kutu usizilazimishe, kwa sababu moja ikikatikia ndani ya mti utamhitaji seremala mvumilivu sana.

Fungua na kile kifuniko kidogo mgongoni au mbele, ukaone mbao ilivyo bila rangi. Mbao halisi utaiona nyuzinyuzi zake. Ubao wa maranda yaliyogandishwa kwa gundi, ule wa makabati ya bei rahisi, utauona umefura kuzunguka matundu ya skrubu, na hautashika skrubu tena baada ya masika mawili. Kama kuna unga mwepesi unamwagika, hao ni dumuzi. Besi yenye dumuzi usiilaze hata usiku mmoja karibu na kabati lako.

Umeme wa ndani ndio unaowatisha watu bure. Volyumu ikikwaruza unapoizungusha, ni vumbi na kutu nyepesi. Izungushe huku na huku mara nyingi, na ikibidi fundi redio apulizie dawa ya kusafishia au abadilishe. Besi za mtindo wa Fender hutumia kidude cha 250K, na zile ambazo pikapu zake, yaani vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, ni nene za mapacha hutumia 500K, kwa hiyo mwambie fundi asome namba iliyoandikwa kwenye kile cha zamani. Soketi ya waya inayokata sauti ukiitikisa ni kazi ya kulehemu ya dakika chache. Usikatae besi nzuri kwa ajili ya mambo hayo. Yatumie kama hoja ya kushusha bei. Pikapu ndiyo usiyoweza kuifanyia mzaha. Chomeka waya, fungua volyumu kidogo, gusa kila pikapu kwa ncha ya bisibisi: kila moja ijibu kwa mlio wa “tok”. Iliyokaa kimya imekufa, na kuipata nyingine ya kuingia kwenye tundu lilelile ni safari.

Kuna jambo linalohusu historia yetu ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi. Katika muziki wa dansi wa Tanzania, kwa miaka mingi, gitaa halikuwa la mpigaji. Bendi zilikuwa za taasisi. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, ikaitwa JUWATA, kisha OTTU, ndiyo hii Msondo Ngoma. Mlimani Park, wana Sikinde, walianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na mwaka 1983 wakachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo hiyo DDC iliyo mbele ya jina lao. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala, Bima Lee ilikuwa ya Shirika la Bima. Vyombo vilinunuliwa na mwenye bendi, vikafungiwa stoo ya mwenye bendi, na mwanamuziki aliyehama aliliacha gitaa jukwaani akaondoka na vidole vyake. Utaratibu huo bado upo kwenye bendi za hoteli, vikundi vya taarab na kwaya za kanisani. Aliyeshika besi kwa miaka kumi anaweza kabisa kuwa si mwenye besi.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji ni hili: “Hii ni yako au ya kikundi?” Uliza kwa heshima, ila uliza. Kama ni ya kikundi, mwenyekiti na katibu wake wawepo. Kama ni ya kanisa, mzee wa kanisa ajue. Kama ni yake, aeleze aliipata wapi. Kisha muandikiane: majina yenu kamili, namba za vitambulisho, aina ya besi, rangi, namba iliyochapwa mgongoni mwa kichwa au kwenye kibati cha shingo, bei, tarehe, na shahidi wa kila upande. Ipelekeni karatasi hiyo kwa mwenyekiti wa kitongoji agonge muhuri. Watu wataona unajikuza kwa ajili ya gitaa. Waache. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na chombo cha muziki kinatambulika haraka kuliko simu, kwa kuwa mwenyewe anajua kila mkwaruzo wake. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi mno za kampuni ya rekodi ya Motown kule Detroit, aliibiwa Precision yake ya mwaka 1962 muda mfupi kabla hajafariki, Agosti 1983. Mashabiki wake wameitafuta kwa miongo kadhaa. Hakuna sababu ya wewe kuwa mtu wa mwisho kwenye mnyororo wa namna hiyo.

Kuhusu bei, kila mtu na mfuko wake, lakini mimi silipi zaidi ya nusu ya bei ya besi mpya inayofanana nayo, na kwenye nusu hiyo natoa kwanza gharama ya seti ya nyuzi, kazi ya fundi na nauli. Tuseme besi mpya ya aina hiyo Dar es Salaam inauzwa laki sita. Nusu ni laki tatu. Kama nyuzi zimekufa na soketi inakata, gharama hizo zitoke humo, zisiongezwe juu. Ukiwa na hesabu mkononi hutahitaji kubishana. Muuzaji akiwa mtu mzima, mazungumzo yaende kwa adabu yake:

“Mzee wangu, bei yako naiheshimu. Ila hizi skrubu mbili hazigeuki, na pikapu ya nyuma haijibu.”

“Hiyo pikapu mbona miaka yote nilikuwa siitumii, mwanangu.”

“Ndiyo maana nasema, mzee. Wewe unaniuzia pikapu moja, na mimi nikulipe ya moja.”

Hapo bei inashuka bila mtu kuvunjiwa heshima, na kesho mkikutana sokoni mnasalimiana.

Ukinunua kwa mtu wa Dar es Salaam uliyemwona kwenye simu, usitume pesa kabla besi haijashikwa na mtu wako. Sote tumeshapata ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii”. Picha nzuri haithibitishi kwamba besi ipo. Mwombe muuzaji akupigie simu ya video, apige kila uzi kwenye kila freti kuanzia kichwani mpaka mwisho, taratibu, nawe usikilize panapokwaruza. Kisha ndugu au rafiki aende na bisibisi, alenki na kadi ya mwaliko, afanye yote niliyoeleza, na malipo yafanyike pale besi inapobadilisha mikono.

Safari ya kuileta ina hatari zake. Kutoka Mbagala mpaka Nyamisati ni gari, na kutoka Nyamisati mpaka Kilindoni ni maji. Maji ya chumvi yakirukia besi iliyo kwenye mfuko wa kitambaa, kutu inaanza kabla hujashuka gatini. Njia salama ni kuifungua. Legeza nyuzi mpaka zilale kabisa, tia alama kila skrubu ilikotoka, toa zile nne za shingo, tenganisha shingo na bodi. Funga kila kipande kwenye kanga au taulo kavu, kisha plastiki nene juu yake, na gundi ya karatasi kwenye mishono. Mzigo unakuwa mfupi, unaingia kwenye begi la kawaida, na hata kwenye ndege ndogo hautakutia mashaka, ingawa uzito unaoruhusiwa uuulize kabla ya kukata tiketi. Ukifika nyumbani toa plastiki siku hiyohiyo. Jasho linalojifungia ndani ya plastiki ni baya kuliko hewa ya bahari. Ukiifunga tena, kaza skrubu nne kwa zamu, kidogokidogo, kwa mkono, usitumie mashine.

Ukishakuwa nayo, hatari kubwa kabisa ni umeme, na hapa naomba unisome taratibu. Nyuzi za besi zimeunganishwa na daraja, daraja limeunganishwa na waya, na waya umeunganishwa na bati la amplifaya. Kama amplifaya yako imechomekwa kwenye jenereta na maikrofoni imetoka kwenye miksa iliyochomekwa nyumba ya jirani, na mojawapo haina waya wa ardhi, siku utakapoimba huku umeshika nyuzi wewe ndiye utakuwa waya wa kuunganisha. Wengine hupata mshtuko wa midomo wakacheka. Umeme huohuo, miguu ikiwa peku kwenye mchanga wenye unyevu, unaua. Vyombo vyote vitoke kwenye chanzo kimoja na ekstensheni moja yenye waya wa ardhi unaofanya kazi. Usikate kile kijiti cha tatu cha plagi kwa ajili ya kuondoa mvumo. Vaa viatu vya mpira. Kabla ya kusogeza mdomo, gusa wavu wa maikrofoni kwa testa. Ikiwaka hata kidogo, hakuna wimbo mpaka fundi umeme aje. Bwana harusi atasubiri.

Kuhusu spika, usiichomeke besi kwenye amplifaya ndogo ya gitaa la solo halafu ukafungua mpaka mwisho, utaipasua. Afadhali uingie moja kwa moja kwenye miksa kupitia kisanduku cha DI. Kwa mazoezi ya nyumbani huhitaji umeme kabisa: egemeza ncha ya kichwa cha besi kwenye mlango wa mbao au kabati huku ukipiga, na mbao itaikuza sauti kiasi cha kukutosha chumbani.

Nyuzi zisikutie umaskini. Jamerson niliyemtaja alikuwa na sifa ya kutobadilisha nyuzi mpaka zikatike, na alipiga kwa kidole kimoja tu cha shahada, na bado wapiga besi wa dunia nzima wanamsikiliza. Nyuzi zilizokufa sauti huweza kuchemshwa kwenye sufuria dakika chache, zikakaushwa barabara kwa kitambaa na jua, zikarudi na uhai wa wiki kadhaa. Nyuzi bapa, zile ambazo juu yake ni laini, ni ghali zaidi lakini zinadumu, hazishiki uchafu kwa urahisi, na mlio wake mzito unakaa vizuri kwenye taarab na dansi. Aina yoyote utakayochukua, zifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, juu na chini ya uzi. Jasho na hewa yetu vikikutana usiku mmoja tu unaiona rangi imebadilika.

Sasa kupiga. Walimu wengi huanza na kasi ya vidole. Mimi nampa mwanafunzi noti moja. Weka dansi la zamani la Sikinde au Msondo, tafuta noti ya msingi ya wimbo, ipige pigo la kwanza tu la kila mzunguko, na uizime kwa kiganja kabla ya pigo linalofuata. Rudia wimbo mzima. Utakachogundua ni kwamba kazi ngumu iko kwenye kuizima. Besi ya dansi inapumua. Katikati ya noti kuna uwazi ambao magitaa ya solo na rithim yanacheza humo, na mpigaji anayejaza kila uwazi anawafukuza wenzake. Wimbo ukiingia kwenye chemko, ambapo kasi inapanda na watu wanasimama, usiongeze noti. Shikana na dramu kubwa ya mguu, mpigwe pamoja kama mtu mmoja, na ukumbi utajichemkia wenyewe.

Kwenye taarab, besi ya gitaa ina historia yake pwani hii. Unguja walikuwa na ile besi kubwa ya kusimama ndani ya vikundi vyao vikubwa, na Black Star ya Tanga, katika miaka ya 1960, wakaleta magitaa na besi ya umeme, wakabadilisha mwendo wa taarab ya pwani nzima. Leo kwenye harusi nyingi kinanda kimeipora kazi hiyo. Mtu mmoja anabonyeza, besi inatoka ndani ya mashine. Ni rahisi kubeba, nakubali. Lakini besi ya kinanda haimsubiri mwimbaji anapovuta neno, na haimwoni mama aliyeinuka kwenda kutunza. Mpiga besi anayaona yote mawili. Nina hakika kwamba kikundi chochote hapa Mafia kitakachorudisha besi ya vidole kitajulikana ndani ya msimu mmoja wa harusi.

Kama pesa haijafika, usikae bure. Kwenye kidumbak cha Unguja besi ni sanduku: boksi la mbao lililogeuzwa chini juu, uzi mmoja, na fimbo ya kuuvuta. Ukiivuta fimbo uzi unakaza na sauti inapanda, ukiilegeza inashuka. Hakuna freti ya kukuonyesha noti ilipo, inabidi sikio liitafute. Tengeneza moja. Aliyepiga sanduku miezi michache akishika besi ya freti anaona amerahisishiwa maisha.

Ukifika wakati wa kuuza, fanya yale uliyotamani muuzaji wako akufanyie. Isafishe, lakini usiipake rangi, maana rangi mpya humfanya mnunuzi aulize kilichofichwa. Piga picha ya kila kasoro mchana, nje, na umwonyeshe mnunuzi kabla hajauliza. Mwachie alenki yake, waya na begi. Kisiwa hiki ni kidogo. Besi mbovu uliyomuuzia mtu wa Kirongwe utaisikia ikikoroma kwenye harusi ya binamu yako Baleni, na kila atakayeuliza ataambiwa ilitoka kwa nani. Ukiwa na imani na mnunuzi, mpe aende nayo Ijumaa airudishe Jumapili, kwa kuacha sehemu ya pesa mbele ya shahidi. Wengi wakishalala nayo nyumba moja hawairudishi.

Vikundi vinavyochanga kununua besi moja viandike siku ileile nani anaitunza, nani anaruhusiwa kuiazima, na anayejitoa anapewa nini. Pesa ya nyuzi itengwe kutoka kila shughuli, kabla ya mgawo.

Angalia na kalenda. Kabla ya Ramadhani kuna vunja jungu, vikundi vyote vina kazi, na hakuna anayeachia chombo. Ramadhani ikiingia muziki unanyamaza, na kufikia kumi la mwisho wenye besi zisizo na kazi wanawaza nguo za watoto za Idd. Huo ndio wakati wa mnunuzi, na ukiwa muuzaji jitahidi uvuke mpaka mfungo mosi, harusi zinapoanza tena na vikundi vinatafuta vyombo kwa haraka. Ukinunua kwenye kumi hilo la mwisho una siku chache za kuagiza nyuzi kwa mtu anayetoka Nyamisati, kumwona fundi redio kabla hajafunga kwa sikukuu, na kuipima shingo mara mbili tatu baada ya kuzoea hewa ya nyumba yako.